Nunua Tairi kwa Ajili ya Shimo, Si kwa Ajili ya Spidi

Anayenunua pikipiki ya umeme huuliza maswali yale yale: betri inakwenda kilomita ngapi, kuchaji ni saa ngapi, spidi ya mwisho ni ngapi. Magurudumu hayaulizwi. Kwa macho ni ya kawaida tu, sawa na ya pikipiki nyingine yoyote. Swali lake huja baadaye, kando ya barabara, abiria ameshashuka na kutafuta usafiri mwingine, na fundi pancha anakuna kichwa kwa sababu hajawahi kufungua gurudumu lenye nyaya.

Swali hilo sasa linawahusu wengi. Tangu Januari 2025, Kigali imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kubeba abiria. Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, pikipiki za umeme zinaonekana vijiweni, na nyuma yake zinakuja baiskeli za umeme ambazo mafundi wetu wanazifunga mota wenyewe na kuzikimbiza kwa spidi ambayo mtengenezaji wa baiskeli hakuiwaza. Ninachokushauri kinaingia katika sentensi moja, na yote yanayofuata ni ufafanuzi wake: gurudumu linalodumu ni lile lililochaguliwa kwa uzito unaobeba na mashimo unayopita, na ambalo fundi wa mtaani kwako anaweza kulitengeneza kwa vipuri vilivyopo dukani.

Umeme unalitesa vipi gurudumu

Injini ya petroli hupandisha nguvu kadiri inavyozunguka, na klachi inapunguza mshtuko wa kuondoka. Mota ya umeme haina subira hiyo. Nguvu yake kubwa ya kusukuma inapatikana tangu gurudumu likiwa limesimama. Ukivuta akseli kwa pupa, tairi la nyuma linasaga lami, spoki zinavutwa ghafla, na tairi lenye upepo mdogo linaweza hata kujizungusha juu ya rimu.

Pili ni breki. Vyombo vingi vya umeme vina breki ya mota, ile inayorudisha umeme kidogo kwenye betri unapoachia akseli. Ni jambo zuri, lakini lina maana kwamba spoki za nyuma zinavutwa upande mmoja ukiondoka na upande wa pili ukipunguza mwendo, mamia ya mara kwa siku. Chuma kinachovutwa huku na huku hivyo huchoka.

Tatu ni uzito. Kuna pikipiki zenye mota katikati ya fremu, zikivuta gurudumu kwa cheni au mkanda, na kuna zenye mota ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Mota ya aina hii ya pili inaweza kuwa na kilo 10 na zaidi kwenye pikipiki, na kilo 6 au 7 kwenye baiskeli. Uzito huo haubebwi na shokapu. Gurudumu likiingia shimoni, rimu ndiyo inayoupokea moja kwa moja. Kwa hiyo kabla hujafikiria tairi, angalia mota yako iko wapi. Ikiwa iko gurudumuni, kila ushauri kuhusu rimu na spoki utakaousoma hapa uhesabu mara mbili.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukitoka kilomita 25 kwa saa ukafika 50, nguvu iliyomo katika mwendo wako haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Rimu ya baiskeli iliyovumilia rasta na matuta miaka mingi kwa mwendo wa miguu inaweza kupinda wiki ya kwanza baada ya kufungwa mota, na wala haikuwa rimu mbovu.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kutoka nyumbani

Tuchukue mfano. Pikipiki na betri yake, kilo 120. Dereva, kilo 70. Abiria mmoja, kilo 70. Mzigo wake, kilo 25. Jumla ni kilo 285. Kwenye pikipiki iliyobeba abiria, kadiria kuwa theluthi mbili ya uzito wote inakaa nyuma. Hapo ni kilo 190 juu ya tairi moja.

Sasa soma ubavu wa tairi. Utakuta maandishi kama 3.00-17 45P. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ile 45 si kilo wala si upepo. Ni namba ya jedwali la uwezo wa kubeba: 41 ni kilo 145, 45 ni kilo 165, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 52 ni kilo 200. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu: J ni kilomita 100 kwa saa, L ni 120, P ni 150.

Angalia sasa mfano wetu unatuambia nini. Tairi la 45P linaruhusiwa kukimbia kilomita 150 kwa saa, mwendo ambao pikipiki yako huenda haiufikii hata ikishuka mlima, lakini uwezo wake wa kubeba ni kilo 165 wakati wewe umeweka 190. Herufi imezidi mahitaji na namba imepungua. Wanunuzi wengi huvutiwa na herufi, na muuzaji naye huitaja kwa fahari. Wewe ipite. Kwa kazi ya kubeba abiria, nyuma tafuta tairi la saizi yako lenye namba 50, na 52 likipatikana ni bora zaidi. Mara nyingi litakuwa na neno linaloonyesha kuwa limeimarishwa, au alama ya 6PR, yaani tabaka zake zina nguvu zaidi ya kubeba kuliko za lile la 4PR.

Ukipakia mshikaki, hesabu inavunjika kabisa. Ongeza abiria wa pili wa kilo 70, naye anakaa nyuma zaidi. Jumla inakuwa kilo 355, na nyuma panaelekea kilo 250. Hiyo inataka namba 60, ambayo ni vigumu kuipata kwenye saizi hizi. Mbali na sheria ya barabarani, tairi lenyewe limeshakukatalia.

Saizi ya kawaida ni akiba

Waagizaji wengine huleta pikipiki za umeme na skuta zenye rimu za inchi 10 au 12, au saizi ngeni ambayo tairi lake linapatikana kwa aliyekuuzia tu. Kabla ya kutoa fedha, zunguka madukani kwanza. Iwe ni Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au duka la vipuri la wilayani kwako, uliza kama wanalo tairi la saizi hiyo na tyubu yake. Saizi za 2.75-17, 3.00-17, 2.75-18 na 3.00-18 zimejaa kila mahali kwa sababu pikipiki za bodaboda za petroli zinazitumia. Chombo cha umeme chenye saizi hizo kimerithi soko zima la vipuri.

Gurudumu kubwa lina faida nyingine. Shimo ambalo rimu ya inchi 17 inalivuka kwa kishindo, rimu ya inchi 10 inazama ndani yake. Skuta ndogo inafaa mjini kwenye lami nzuri na mwendo wa kadiri. Ikiwa njia yako ina changarawe, reli au makorongo ya mvua, usijidanganye kwamba tairi nene litafidia udogo wa gurudumu.

Rimu za sporti au rimu za spoki?

Rimu za sporti, zile za kumimina zisizo na spoki, zinapendeza, hazihitaji kukazwa, na nyingi zinakubali tairi lisilo na tyubu. Tairi la namna hiyo likichomwa na msumari hutoa upepo taratibu, unapata nafasi ya kusimama salama, na linazibwa kwa kamba ya mpira bila kufungua gurudumu. Kwa pikipiki yenye mota gurudumuni, faida hiyo ni kubwa mno. Kwa anayefanya kazi mjini juu ya lami, ningechagua rimu za sporti bila kusita.

Ubaya wake ni mmoja, nao ni mzito: zikipigwa sana hupasuka. Ufa mdogo kwenye mkono wa rimu hauonekani mpaka uusafishe na kuutazama kwa mwanga. Kuchomelea rimu ya aluminiamu iliyopasuka si ukarabati, kwani joto linadhoofisha sehemu iliyo kando ya weldi. Rimu hiyo ni ya kuuzwa chuma chakavu.

Rimu za spoki hupinda kabla ya kuvunjika, na fundi mwenye uzoefu anazinyoosha kwa kukaza na kulegeza spoki. Spoki moja ikikatika unanunua spoki moja. Kwa barabara za vijijini, kwa mzigo, na kwa mahali ambapo duka la karibu liko mbali, hizi ndizo zenye maisha. Kumbuka tu kwamba rimu ya kawaida ya spoki inataka tyubu, hata tairi likiandikwa TL, yaani lisilohitaji tyubu. Upepo hutoka kwenye matundu ya spoki.

Ukiwa na spoki, jifunze kuzikagua mwenyewe. Zungusha gurudumu, bana spoki mbili mbili kwa vidole, kisha zigonge kwa spana ndogo. Zilizokaza sawasawa zinalia kwa sauti zinazokaribiana. Ile iliyolegea inatoa mlio mfu. Spoki hukatika kwa kulegea zaidi kuliko kwa kukazwa: iliyolegea inakazika na kuachia kila mzunguko, mpaka inakatika shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye habu. Gurudumu jipya la spoki lirudishwe kwa fundi likazwe upya baada ya kilomita mia chache za kwanza, maana spoki zinakuwa zimekaa mahali pake na mvuto umepungua. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalaumu spoki.

Kwa wanaofunga mota kwenye baiskeli

Baiskeli ina mitego yake, na wa kwanza ni saizi. "Inchi 28" ya baiskeli nyeusi za zamani za mizigo, ile inayoandikwa 28 x 1 1/2, ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. "Inchi 28" ya baiskeli nyingi za kisasa ni milimita 622. Tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine. Inchi 26 nayo ni hivyo hivyo: kuna 559 ya baiskeli za milimani na kuna 590. Usinunue kwa inchi. Tafuta namba mbili zenye mstari katikati, kama 50-559, ambapo 50 ni upana wa tairi na 559 ni kipenyo, vyote kwa milimita. Tairi la baiskeli lililopimwa kwa vyombo vya umeme vya kasi linaweza pia kuwa na alama ya E-50, yenye maana kuwa linafaa mpaka kilomita 50 kwa saa.

Mtego wa pili ni spoki nene. Mtu anaona spoki za milimita 2 zinakatika, anaamua kuweka za pikipiki zenye zaidi ya milimita 3. Sasa spoki hazikatiki, inapasuka rimu. Rimu nyembamba ya baiskeli haiwezi kuhimili mvuto ambao spoki nene zinahitaji ili zikaze, hivyo ama zinabaki zimelegea au zinang'oa matundu. Kwa rimu ya baiskeli, spoki zenye shingo ya milimita 2.3 na mwili wa milimita 2 zinatosha na zinadumu, kwa sababu mwili mwembamba unavutika kidogo na kupunguza mshtuko unaofika shingoni.

Wa tatu ni mpishano. Habu ya mota ni pana kwa kipenyo, kwa hiyo spoki zake ni fupi. Fundi akizipishanisha mara tatu kama alivyozoea kwenye habu ndogo, zinaingia kwenye rimu kwa mshazari mkali na kupinda pale penye nati. Mwambie apishanishe mara moja tu.

Ukitaka kukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa mara kwa mara, acha kuimarisha rimu ya baiskeli. Hamia rimu ya pikipiki ya inchi 17 na tairi la 2.75. Gurudumu hilo lina kipenyo cha nje cha milimita 570 hivi, wakati la inchi 26 lenye tairi pana linafika 660 na zaidi. Spidi ya mwisho itapungua kwa karibu asilimia 14, lakini mota itasukuma kwa nguvu zaidi na joto lake litapungua mlimani. Hakikisha breki zako ni za diski, maana za kubana rimu hazitafanya kazi tena, na pima kama pedali hazitagusa chini kwenye kona.

Kashata, tarehe na ubavu

Kwa lami, chagua tairi lenye mstari wa mpira usiokatika katikati na mifereji ya maji pembeni. Linaviringika kirahisi, na kwenye umeme hilo unaliona kwenye betri. Tairi la kashata kubwa za matope linakula chaji na kuisha upesi likisagwa na mota juu ya lami. Liache kwa anayeishi kwenye udongo. Kwa njia mchanganyiko, kashata za kati zenye vizuizi vipana ndizo suluhisho. Ukifunga, fuata mshale wa ubavuni.

Tafuta kisanduku chenye namba nne. Ikiwa ni 1424, tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2024. Tairi lililopangwa nje ya duka likipigwa jua miaka mitatu ni jipya kwa jina tu. Likunje kidogo ubavuni kwa mikono: ukiona nyufa laini kama nywele, rudisha. Jihadhari pia na matairi vipara yaliyochongwa kashata upya kwa kisu cha moto. Mpira uliochongwa haukuongezwa, umepunguzwa, na chini yake nyuzi ziko karibu. Kwa lako mwenyewe, tafuta herufi TWI ubavuni. Zinakuelekeza kwenye vituta vidogo ndani ya mifereji, na kashata zikifika usawa wa vituta hivyo, tairi limekwisha.

Tairi la mpira mtupu lisilojazwa upepo huuzwa kwa ahadi ya kutopata pancha milele. Kwa skuta ya mwendo wa miguu, sawa. Kwa mwendo wa kasi, kila shimo linafika kwenye rimu, kwenye beringi za mota na mgongoni mwako, na kwenye lami yenye maji linateleza.

Upepo na pancha

Aliyekuwa na pikipiki ya petroli alipita kituo cha mafuta karibu kila siku, na pampu ya upepo iko hapo. Aliyehamia umeme hana tena sababu ya kupita. Ndiyo maana unakuta pikipiki ya umeme, nzima kila kitu, ikitembea na upepo nusu. Nunua geji yako. Pima asubuhi kabla tairi halijapata joto, walau mara moja kwa wiki, na ufuate kibandiko cha mtengenezaji. Kama hakipo, kwa saizi za bodaboda anza na PSI 25 hadi 28 mbele, 28 hadi 30 nyuma ukiwa peke yako, na 32 hadi 36 ukiwa na abiria, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni.

Tazama valvu pia. Ikiwa imeinama badala ya kuchomoza wima, tairi na tyubu vinatembea juu ya rimu kwa nguvu ya mota, na siku si nyingi valvu itang'oka kwenye shina lake. Toa upepo, rudisha tairi mahali pake, kisha jaza hadi kiwango sahihi.

Pancha ya gurudumu lenye mota isifanywe haraka haraka. Ikiwezekana, fundi asitoe gurudumu kabisa: ashushe upande mmoja wa tairi, avute tyubu nje, azibe, na apitishe kitambaa ndani ya tairi kutafuta mwiba uliobaki. Ikibidi gurudumu litoke, zima umeme kwanza, chomoa soketi ya nyaya bila kuvuta waya, na upige picha ya mpangilio wa washa. Ekseli ya mota ina pande bapa zinazozuia isijizungushe. Washa zikikosewa au nati ikiachwa imelegea, ekseli inageuka kwenye fremu na kukata nyaya zote. Baiskeli yenye mota ya nguvu ifungwe chuma cha ziada cha kuzuia ekseli pande zote mbili.

Fedha zikiwa chache

Anza na tairi la nyuma lenye namba sahihi ya uzito, maana ndilo linalobeba na kusukuma. Lakini la mbele lisiwe la kurithi kipara cha nyuma. Ndilo linaloshika kona na breki, na likiteleza huna muda wa kujirekebisha. Baada ya hapo nunua tyubu nene za butili, utepe mpya wa kufunika nati za spoki, na geji. Beringi zikianza kuvuma, badilisha kwa zenye namba ile ile na alama ya 2RS, yaani zimezibwa pande zote mbili dhidi ya maji na vumbi. Spidi ije mwisho wa orodha.

Na usilinganishe matairi kwa bei ya dukani. Andika kilomita za siku unayolifunga na za siku unayolitoa, gawanya bei kwa kilomita hizo, kisha ongeza gharama ya kila pancha na kila siku uliyokaa bila kazi. Kwa hesabu hiyo utajua kama tairi la bei nafuu ulilosifiwa lilikuwa nafuu kweli, na fundi wako atakuwa na kitu cha kukushauria safari ijayo.